Mashine Haina Dhamiri: Juu ya Kutangaza Biashara kwa Akili Mnemba



Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa vizazi vingi methali hiyo ilitosha kumwonya mnunuzi: akimwona muuzaji anahangaika mno kuisifu bidhaa yake, basi na aikague mara ya pili. Siku hizi onyo hilo peke yake halitoshi. Kibaya kimepata miguu ya kukimbia na sauti tamu ya kubembelezea. Tena kimepata kujua jina la mnunuzi, mtaa anaoishi, na siku ambayo mfuko wake ni mtupu. Kilichokipa uwezo huo ni ule ufundi mpya wa kompyuta tunaouita akili mnemba, na ambao wengine huuita akili unde.

Makala hii haikusudii kuulaani ufundi huo, wala kuwatisha vijana wetu wanaoutafutia riziki. Inakusudia kuuliza swali moja tu: neno likisemwa na mashine sokoni, likamdanganya au likamdhuru mtu, nani atajibu kwa ajili yake? Jibu tunalotaka kulitetea ni hili: atajibu binadamu aliyeituma mashine hiyo. Na kwa kuwa ndiye atakayejibu, ni haki yake na ni wajibu wetu kwamba afundishwe maadili ya kazi hiyo kabla hajafundishwa mbinu zake.

1. Biashara si dhambi

Yafaa tuanze kwa kuwatendea haki wafanyabiashara. Kanisa halijapata kufundisha kwamba kutangaza bidhaa ni uovu. Februari 1997 Baraza la Kipapa la Mawasiliano ya Jamii lilitoa hati juu ya maadili katika matangazo ya biashara. Hati hiyo ilikiri kwamba tangazo jema humjulisha mnunuzi mambo asiyoyajua, huchochea ushindani wa halali, na huwapatia watu kazi. Kisha iliweka misingi mitatu ambayo kila tangazo halina budi kupimwa kwayo: ukweli, heshima ya utu wa binadamu, na wajibu kwa jamii. Misingi hiyo haijazeeka, na katika makala hii tutaitumia kama mizani.

Tuchukue mfano wa mama anayetengeneza batiki huko Mbagala. Zamani wateja wake walikuwa majirani na wapita njia. Leo hii, kwa simu yake ya mkononi, anaweza kuiomba programu ya akili mnemba imwandikie maelezo ya vitambaa vyake kwa Kiswahili fasaha na kwa lugha asizozijua, akavitangaza hadi Nairobi na Muscat. Hana fedha za kumlipa mtaalamu wa matangazo. Mashine imempa sehemu ya kile ambacho matajiri peke yao walikuwa nacho. Hilo ni jema, na anayelidharau anamdharau mama huyo.

Lakini tangu hati ile ilipotolewa limetokea badiliko kubwa ambalo wengi hawajalitafakari. Mwaka 1997 tangazo lilikuwa redioni, gazetini, au kwenye ubao kando ya barabara. Wote walisikia tangazo lilelile. Kama lilikuwa la uongo, jirani alimwambia jirani, mwalimu aliwaambia wanafunzi, na kijiji kizima kilicheka. Leo mume na mke wakiwa wamekaa kwenye mkeka mmoja, kila mmoja na simu yake, kila mmoja huona tangazo lake. Anachoambiwa mmoja, mwenzake hakisikii. Soko lililokuwa la hadhara limekuwa mnong'ono wa sikioni, na mnong'ono hauna shahidi.

2. Vyaelea, vimeundwa

Mtu hawezi kuamua vema juu ya jambo asilolijua. Kwa hiyo tueleze kwa maneno mepesi namna mashine hizi zinavyofanya kazi sokoni. Ziko za namna mbili.

Namna ya kwanza ni mashine zinazotunga. Mojawapo ni ChatGPT, iliyofunguliwa kwa umma tarehe 30 Novemba 2022. Mashine ya namna hii hulishwa maandishi mengi kupita kiasi, ikajifunza neno gani hufuata neno gani. Ukiiomba ikuandikie sifa za asali yako, hukisia neno linalofaa kufuata, kisha jingine, hata habari nzima ikamilike. Habari hiyo huweza kupendeza sana. Lakini mashine haijapata kuionja asali hiyo, wala haijui kama ni ya Tabora au ni maji ya sukari. Inaweza kutaja manufaa ambayo asali haina na ushuhuda wa wateja ambao hawakuzaliwa, tena kwa ufasaha uleule inaotumia kusema kweli. Nyingine kati ya mashine hizi hutunga picha, na nyingine huiga sauti na sura ya mtu aliye hai.

Namna ya pili ni mashine zinazochagua. Unapofungua ukurasa wa mtandao wa kijamii, kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua hufanyika mnada. Watangazaji hushindania nafasi iliyo mbele ya macho yako. Mashine huangalia kumbukumbu zako: ulichokitazama jana, ulipotua kwa muda mrefu, ulichokinunua, mahali ulipo. Kisha hukadiria ni tangazo lipi utalibonyeza. Hulijaribu tangazo moja kwa sura nyingi, ikaitupa iliyoshindwa na kuikuza iliyofaulu. Basi katika mnada huo mali inayonadiwa ni usikivu wako.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Mashine hizi hazikushuka kutoka mbinguni. Ziko jinsi zilivyo kwa sababu kuna mtu aliyeamua zitafute nini. Zikiambiwa zitafute watakaobonyeza, zitawatafuta hao bila kuuliza kama kubonyeza huko kutawafaa au kutawaangamiza. Januari 2025 mabaraza mawili ya Vatikano, lile la Mafundisho ya Imani na lile la Utamaduni na Elimu, yalitoa hati juu ya jambo hili, yakasisitiza kwamba akili mnemba isihesabiwe kuwa akili ya pili iliyo sawa na ya binadamu, bali ni zao la akili ya binadamu. Zao halina dhamiri. Dhamiri anayo mkulima.

3. Kupima kwa mizani mitatu

Kwanza, ukweli. Nabii Amosi aliwakemea wafanyabiashara wa zama zake waliopunguza kipimo na kuipotosha mizani. Mizani ya leo ni ushuhuda wa wateja. Mtu anayetaka kununua dawa, simu au shamba husoma kwanza waliyoyasema walionunua kabla yake. Kwa akili mnemba, muuzaji mmoja anaweza kutunga mashahidi mia moja kwa mchana mmoja, kila mmoja na jina lake, picha yake na namna yake ya kusema. Agosti 2024 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilipitisha kanuni inayokataza kuuza na kununua ushuhuda wa uongo wa wateja, ukiwamo ule uliotungwa na akili mnemba. Kwetu Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji. Uongo haugeuki kuwa ujanja halali kwa sababu umeandikwa na kompyuta.

Tena kuna uongo wa kuazima uso wa mtu. Oktoba 2023 mwigizaji wa Marekani Tom Hanks alilazimika kuwaonya watu kwamba tangazo la mpango wa matibabu ya meno lililoonyesha sura yake lilikuwa limetengenezwa kwa akili mnemba pasipo yeye kuhusika. Hata Papa Fransisko hakusalimika: Machi 2023 ilienea duniani picha yake akiwa amevaa koti jeupe la kifahari, picha iliyotungwa na mashine, na katika ujumbe wake wa Siku ya Mawasiliano Duniani ya mwaka 2024 yeye mwenyewe aligusia kwamba alikwisha kupatwa na jambo hilo. Ikiwa uso unaojulikana dunia nzima waweza kuibwa, itakuwaje kwa uso wa daktari wa wilaya, au wa padre wa parokia, utakapotumiwa kuuza dawa ya kisukari isiyotibu chochote? Mgonjwa atakayeacha vidonge vya hospitali kwa sababu ya tangazo hilo hatakuwa amepoteza fedha tu.

Pili, utu wa binadamu. Hapa ndipo ilipo hatari ambayo haionekani upesi. Mwindaji wa zamani alijua kwamba anawinda. Mtangazaji wa leo anaweza kuwawinda wanyonge bila kukusudia na bila kujua. Tuseme kampuni ya mikopo inaiambia mashine: nitafutie watu watakaobonyeza na kukopa leo hii. Hakuna aliyesema, nitafutie wenye shida. Lakini ni nani atakayekopa leo hii, kwa riba yoyote, bila kuuliza? Ni mama ambaye mtoto wake amelazwa. Ni kijana aliyepoteza fedha kwenye kamari jana usiku. Mashine itawapata hao kwa sababu ndio wanaobonyeza, na itazidi kuwarudia kwa sababu wamebonyeza. Yule aliyepaswa kusaidiwa kwanza amekuwa wa kwanza kunaswa.

Katika nchi yetu watu wameipa mikopo ya namna hiyo jina linaloeleza yote: kausha damu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za kukopesha kwa njia ya simu zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni, ikawatahadharisha wananchi. Hatusemi kwamba kila moja kati ya hizo ilitumia akili mnemba. Tunasema kwamba tamaa ipo tayari, na sasa imepatiwa chombo chenye nguvu kuliko vyote vilivyotangulia. Sheria ya Umoja wa Ulaya juu ya akili mnemba ya mwaka 2024, ambayo makatazo yake ya kwanza yalianza kutumika Februari 2025, imepiga marufuku mifumo inayoutumia udhaifu wa mtu utokanao na umri wake, ulemavu wake, au hali yake ya kijamii na kiuchumi, ikampotosha hata akadhurika vibaya. Kama mkulima wa Ulaya anastahili ulinzi huo, mkulima wa Sumbawanga anaustahili vilevile, kwa kuwa utu wao ni mmoja.

Tatu, wajibu kwa jamii. Mashine zinazochagua hulishwa habari za watu, na habari za mtu ni sehemu ya mtu mwenyewe. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya Kenya iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 za nchi hiyo kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi wao, na ikakitoza kilabu kimoja cha starehe cha Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja kwenye mitandao ya kijamii bila ruhusa yake. Huenda waliofanya hivyo walidhani wanatangaza tu biashara zao. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Sheria hiyo inampa mtu haki ya kuzuia taarifa zake zisitumiwe kumtangazia biashara, na inamlinda pia katika maamuzi yanayofanywa na mitambo peke yake. Ni wangapi kati yetu wanajua kwamba haki hizo ni zao?

Tena jamii haiishii kwa mnunuzi. Wamo pia wafanyakazi walio nyuma ya mashine. Januari 2023 jarida la Time la Marekani lilichapisha habari za wafanyakazi wa Nairobi waliolipwa chini ya dola 2 kwa saa kwa kusoma na kuainisha maandishi ya ukatili na uchafu, ili ChatGPT ifundishwe kuyaepuka. Wengine walieleza jinsi kazi hiyo ilivyowaumiza rohoni. Basi yule anayesema kwamba mashine imemwandikia tangazo bila gharama, na akumbuke kwamba wako walioilipa gharama hiyo.

4. Nani atajibu?

Mwaka 2022 mtu mmoja wa Kanada alifiwa na bibi yake, akataka kusafiri kwenda kwenye msiba. Aliingia kwenye mtandao wa shirika la ndege la Air Canada, akaiuliza mashine ya mazungumzo juu ya nauli ya wafiwa. Mashine ilimwambia anunue tiketi, kisha aombe punguzo baadaye. Aliporudi na kuomba, shirika lilimkatalia, likisema utaratibu wake hauruhusu. Shauri lilipofika mbele ya baraza la usuluhishi la jimbo la British Columbia, shirika lilijitetea kana kwamba mashine ile ilikuwa kitu kinachojitegemea, kinachowajibika kwa maneno yake chenyewe. Februari 2024 baraza liliukataa utetezi huo, likaamuru shirika limlipe mteja wake.

Kiasi cha fedha kilikuwa kidogo, lakini hoja ni kubwa. Tangu kale, mwenye duka amejibu kwa ajili ya mtumishi wake. Mtumishi akimpunja mteja, mwenye duka hawezi kusema, sikuwapo. Na mtumishi, hata akiwa mdogo namna gani, anaweza kuona haya, kutubu na kurudisha alichochukua. Mashine haiwezi lolote kati ya hayo. Kwa hiyo anayeweka mashine mahali pa mtumishi hapunguzi wajibu wake. Anauongeza, kwa maana amekiondoa kizuizi cha dhamiri iliyokuwa katikati.

Zipo hoja tatu zinazosemwa na wapinzani wa mawazo haya, na haki inatudai tuzisikilize. 

Wa kwanza husema: mteja ana hiari yake, hakulazimishwa. Hiari ya kweli huhitaji kujua. Mtu asiyejua kwamba shahidi anayemwamini hayupo duniani, wala kwamba tangazo limemchagua kwa sababu ana shida, hiari yake imekwisha kudokolewa kabla hajaitumia.

Wa pili husema: washindani wetu wanafanya hivyo, sisi tukiacha tutafunga duka. Ugumu huo ni wa kweli, hasa kwa mfanyabiashara mdogo. Ndiyo maana hatuwezi kumwachia mtu mmoja mmoja mzigo wote. Sheria isimamiwe kwa wote, wakubwa kabla ya wadogo, ili mwaminifu asiwe ndiye anayeadhibiwa na soko. Hata hivyo, imani ya wateja ni mtaji pia. Njia ya mwongo ni fupi, na soko likishajaa uongo, hata msema kweli hasadikiwi.

Wa tatu husema: maadili ni anasa ya nchi tajiri, sisi kwanza tunahitaji ajira. Tunajibu kwamba ni kinyume chake. Tajiri akidanganywa hupoteza ziada. Maskini akidanganywa hupoteza ada ya shule, mbegu za msimu ujao, au pikipiki inayolisha nyumba. Palipo na umaskini mwingi ndipo ukweli sokoni unapohitajiwa zaidi.

5. Elimu gani, na kwa nani?

Katika miji yetu siku hizi yamezagaa mafunzo ya majuma machache ya uuzaji wa kidijitali. Kijana hulipa ada, akafundishwa namna ya kuiagiza mashine, kuvuta wafuasi, na kuwafanya watu wabonyeze. Hatumlaumu kijana huyo. Anatafuta riziki, na ufundi huo una nafasi yake. Lakini kama katika majuma hayo yote hakufundishwa hata kwa saa moja ni lini asibonyeze, basi amepewa panga bila kuonyeshwa tofauti ya jani na kidole.

Novemba 2021 nchi wanachama 193 wa UNESCO zilipitisha mapendekezo juu ya maadili ya akili mnemba, na elimu kwa watu wote ni mojawapo ya mambo waliyoahidiana. Sheria ya Ulaya tuliyoitaja nayo iliwataka wenye kutumia mifumo hii wahakikishe kwamba wafanyakazi wao wana maarifa ya kutosha. Hapa Tanzania hatuanzi kutoka patupu. Katika mtaala wa sekondari ulioanza kutumika mwaka 2024 yamo masomo ya Elimu ya Biashara na ya Historia ya Tanzania na Maadili. Ombi letu ni kwamba masomo hayo mawili yasiishi kama wapangaji wasiosalimiana. Mwanafunzi anayejifunza kutangaza bidhaa katika kipindi cha asubuhi, na ajifunze mchana huohuo kulipima tangazo lake kwa ukweli na utu.

Kwa wale wanaotangaza, tunapendekeza maswali manne mepesi, ambayo hata mwenye elimu ya msingi anaweza kuyashika moyoni:

La kwanza: je, haya yaliyoandikwa na mashine ni kweli, na mimi mwenyewe nimeyakagua moja baada ya jingine?

La pili: je, ningethubutu kumwambia mteja huyu maneno haya ana kwa ana, majirani zake wakisikia?

La tatu: je, wenye picha, sauti na taarifa nilizozitumia wameniruhusu, na mteja anajua kwamba anazungumza na mashine?

La nne: je, mtu akidhurika, atanipata wapi, na niko tayari kurekebisha?

Kwa vyuo vyetu, na hasa vyuo vya Kanisa vinavyofundisha biashara na mawasiliano, tunaomba somo hili lisiwe nyongeza ya hiari mwishoni mwa mwaka. Liwe na mtihani, na mtihani huo uwe wa matendo: mwanafunzi apewe tangazo lililotungwa na mashine, atafute uongo uliomo, aeleze nani angeumia, kisha aliandike upya liwe la kweli na bado liuze. Anayeweza kufanya hivyo ni mtaalamu. Asiyeweza ni mbonyezaji tu, na siku si nyingi mashine itabonyeza yenyewe na kumwacha bila kazi.

Lakini elimu isiishie kwa wauzaji. Wanunuzi nao wafundishwe, na hapa Jumuiya Ndogo Ndogo zina nafasi ambayo hakuna chuo kinachoweza kuijaza. Tulisema kwamba soko limekuwa mnong'ono usio na shahidi. Dawa yake ni kuurudisha mnong'ono huo hadharani. Mtu akiletewa tangazo la mkopo, la dawa, au la faida ya haraka, asiamue peke yake usiku akiwa amelala na simu yake. Alete habari hizo kwa mwenzake, kwa kiongozi wa jumuiya, kwa kijana mwenye ujuzi, wazitazame pamoja. Mkopeshaji aulizwe leseni yake, na orodha ya Benki Kuu itazamwe. Daktari wa kwenye video atafutwe hospitalini anakosemekana anafanya kazi. Aliyedhulumiwa asione aibu kusema, maana wanyang'anyi hawa huishi kwa aibu ya wanaowanyang'anya. Tume ya Ushindani na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi zipo kwa ajili ya malalamiko kama hayo. Na pale mtu asipojua kuandika barua ya malalamiko, kamati ya Haki na Amani ya parokia imsaidie kuiandika.

6. Hitimisho

Mwaka 1891 Papa Leo wa XIII aliandika barua yake juu ya hali ya wafanyakazi, wakati mashine za viwanda zilipokuwa zikiwatajirisha wachache na kuwasaga wengi. Mei 2025 mrithi wake mpya alichagua kuitwa Leo wa XIV, akaeleza mbele ya Makardinali kwamba sababu mojawapo ni mapinduzi haya mapya ya akili mnemba na changamoto zake kwa utu, haki na kazi. Mashine zile za kwanza zilichukua jasho la mikono. Hizi za sasa zinaweza kuchukua usikivu wetu, nyuso zetu, na siri za shida zetu, zikazipeleka mnadani.

Hatuwezi kuzikomesha, wala si lazima. Tunaweza kukataa kuzitumia kama kichaka cha kujificha. Kila anayetangaza na aweke jina lake chini ya tangazo, aseme: haya ni maneno yangu, hata kama nilisaidiwa kuyaandika, na nitajibu kwa ajili yake. Mfanyabiashara asiyeweza kusema hivyo, na ayafute kabla hayajamfikia yule mama ambaye mtoto wake amelazwa.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya

1. Ni matangazo gani yanayotufikia kwa simu ambayo hatujapata kuwaonyesha wenzetu? Kwa nini?

2. Je, kuna mtu katika jumuiya yetu aliyenaswa na mkopo au dawa ya mtandaoni? Tumemsaidiaje?

3. Picha za watoto wetu na za ibada zetu zinatumwa wapi, na kwa ruhusa ya nani?

4. Vijana wetu wanaofanya biashara mtandaoni wanahitaji msaada gani ili waweze kushindana bila kudanganya?